Mwongozo kamili wa kulea mtoto wa kwanza kwa kushirikiana, kuanzia kabla ya kujifungua hadi mama arudi kazini

Wazazi wa mara ya kwanza huuliza sana kuhusu nepi na homa, lakini wanapofungua moyo hasa huzungumzia ugomvi. Kabla mtoto hajazaliwa waliahidiana kwamba watasaidiana. Wiki ya tatu mama hajalala usingizi wa maana, baba anasema "si ungeniambia nifanye nini?", mama anamjibu "kwani wewe huoni?", na mama mkwe yuko jikoni anasikia yote.

Watu hawa wanapendana. Tatizo ni kwamba ahadi yao haikutaja nani atafanya nini na saa ngapi. Mwongozo huu unaijaza ahadi hiyo. Umeandikwa kwa ajili ya wazazi wa Tanzania, na unafaa zaidi ukianza kufuatwa mwezi mmoja au miwili kabla ya tarehe ya makadirio.

## Vitu vya kuwa navyo

- Daftari moja na kalamu iliyofungwa kwa uzi, vikae pembeni ya kitanda. Simu nayo yaandika, ila huondoka na mwenye nayo.
- Mfuko mmoja wa kadi ya kliniki, kadi ya bima kama mnayo, na baadaye tangazo la uzazi la mtoto.
- Kipimajoto cha kwapani.
- Themosi kubwa kwa ajili ya uji au chai ya usiku.
- Beseni la kuogea mtoto, na ndoo ya nepi chafu yenye mfuniko.
- Nepi za kitambaa au pampasi, na kanga kuukuu safi zilizolainika.
- Chandarua chenye dawa.
- Taa ya mwanga hafifu, ili usiku mtoto asiamshwe na mwanga mkali.
- Kikombe kidogo cha kumnyweshea mtoto, na vyombo vyenye vifuniko vya kuhifadhia maziwa ya mama.
- Fedha taslimu ya dharura, pamoja na namba ya dereva wa bajaji au teksi anayepokea simu saa nane za usiku.

Viatu vya mtoto mchanga, chupa za kunyonyea na dawa ya chango ya dukani msihangaike navyo. Fedha hiyo ongezeni kwenye ile ya dharura.

## Hatua ya 1: Gawaneni kazi nzima, msigawane vipande

Kaeni chini na daftari. Andikeni kila kazi ya nyumba yenye mtoto: kufua nepi, kuchemsha maji, kununua sabuni, kupika, kupeleka taka, kumwogesha mtoto, kukumbuka tarehe za kliniki, kupokea wageni, kulipa umeme. Kisha wekeni jina moja mbele ya kila kazi.

Jina likishawekwa, mwenye kazi ndiye anayeiona, anayeipanga na anayeimaliza. Aliyepewa nepi hangoji kuambiwa kwamba zimebaki tatu. Yeye ndiye anayejua zimebaki ngapi, anazifua au anazinunua, anazianika, na mvua ikinyesha anajua pa kuzihamishia.

Wengi hushindwa hapa. Baba huosha vyombo akiombwa, na kweli anaviosha vizuri, lakini mzigo wa kukumbuka, kuomba na kuangalia kama imefanyika unabaki kichwani kwa mama. Ndiyo maana mama anachoka hata siku ambazo mikono ya baba ilishika kazi nyingi.

Onyo kwa mama: kazi ukishamkabidhi mwenzako, mwachie. Akifunga nepi upande upande, ilimradi haimbani mtoto wala haivuji, nyamaza. Ukiifungua na kuifunga upya mbele yake, baada ya wiki moja kazi hiyo itakurudia.

Mtajua mmefanikiwa pale ambapo siku nzima inapita na hakuna aliyemuuliza mwenzake "nikusaidie nini?"

## Hatua ya 2: Pangeni likizo kwa akili

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini inampa mama mwajiriwa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, na siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Mama anatakiwa kumjulisha mwajiri angalau miezi mitatu kabla ya tarehe ya makadirio, akiambatanisha cheti cha daktari. Baba anapata angalau siku 3 zenye malipo, na lazima azitumie ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Kenya baba hupewa wiki mbili.

Siku tatu ni chache mno. Lakini mwajiriwa pia ana likizo ya mwaka, isiyopungua siku 28, na hapo ndipo pa kutumia akili. Akina baba wengi huimaliza wiki ya kwanza, wakati nyumba imejaa bibi, mashangazi na wifi, na hakuna anayewaachia hata kumshika mtoto.

Kama kazi inaruhusu, omba sehemu ya likizo hiyo uanze nayo karibu na wiki ya sita. Arobaini imekwisha, bibi anafunga mizigo. Kilio cha mtoto huwa kimefika kileleni. Kuna hudhurio la siku ya 42 la mama na chanjo za wiki ya sita za mtoto. Hiyo ndiyo wiki ambayo mama hubaki peke yake ghafla.

Kama umejiajiri, iwe ni bodaboda, duka au shamba, weka akiba ya wiki hiyo mapema, kama unavyoweka ya kodi ya nyumba.

## Hatua ya 3: Zungumzeni na bibi kabla hajapanda basi

Bibi ni baraka. Anajua kupika mtori, anajua kumshika kichanga asiyeshika shingo, na anamwezesha mzazi kulala mchana. Msimkatae kwa sababu ya mambo mliyosoma mtandaoni. Ila makubaliano yawepo kabla, maana kubishana naye saa tisa za usiku mtoto akilia ni kuvunjiana heshima.

Kanuni ni moja: kila mtu azungumze na mama yake mwenyewe. Mume akimkosoa mama mkwe, au mke akimkosoa mama wa mumewe, jambo dogo hugeuka la ukoo.

Mambo matatu msiyaache bila kuyasema.

La kwanza ni maji. Mtoto ananyonya maziwa ya mama peke yake miezi sita, bila maji, bila uji mwepesi, bila dawa ya chango. Maziwa yana maji ya kumtosha hata kwenye joto la Dar es Salaam. Na yale mazito ya njano ya mwanzo, dang'a, hayakamuliwi yakamwagwa. Hayo ndiyo kinga yake ya kwanza.

La pili ni kitovu. Kiachwe kikavu na safi, kipakwe tu dawa iliyotolewa na mkunga, kama ametoa. Kisipakwe majivu, mate, samadi wala dawa ya meno. Kwa kawaida hudondoka ndani ya wiki moja hadi mbili.

La tatu ni kukandwa. Maji ya vuguvugu yanaburudisha mwili, lakini maji yanayofukuta yameshaunguza wazazi wengi. Aliyejifungua kwa upasuaji asikandwe tumboni.

Mwana anaweza kusema hivi: "Shikamoo mama. Tunakusubiri kwa hamu. Kuna jambo mkunga ametusisitiza, nikaona nikuambie mapema: mtoto asipewe hata maji mpaka miezi sita. Naomba utusaidie kulisimamia, maana wageni watakuja na dawa zao." Ukimpa bibi usimamizi, anakuwa mlinzi wa makubaliano yenu, na wageni watamsikiliza kuliko watakavyowasikiliza nyinyi.

## Hatua ya 4: Siku za mwanzo

Mtoto awekwe kifuani kwa mama na kuanza kunyonya ndani ya saa moja tangu azaliwe, kama hali zao zinaruhusu. Asiogeshwe kabla ya saa 24 kupita, kwa sababu kichanga hupoteza joto haraka. Mama akiwa bado anahudumiwa, baba anaweza kuvua shati na kumbeba mtoto ngozi kwa ngozi kifuani, wamefunikwa kanga. Joto la baba linafaa vilevile, na mtoto anaanza kumzoea.

Anzeni kuandika daftarini: saa aliponyonya, mkojo, choo. Kichanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku ukiwemo. Kuanzia siku ya tano au ya sita anapaswa kulowesha nepi sita au zaidi kwa saa 24. Kupungua uzito kidogo siku za mwanzo ni kawaida. Wengi huurudisha uzito wa kuzaliwa kufikia wiki mbili.

Daftari hili hupunguza ugomvi kuliko kitu kingine chochote. Badala ya kubishana kama "maziwa hayamtoshi", mnahesabu nepi. Zikipungua, mnakwenda kliniki mkiwa na maandishi mkononi, na muuguzi atawashukuru.

Baba ashike wageni na karatasi. Wageni wakae muda mfupi, wanawe mikono, mwenye mafua arudi siku nyingine. Kuhusu karatasi, tangazo la uzazi mlilopewa hospitali lipelekwe kwa usajili ndani ya siku 90 ili mtoto apate cheti cha kuzaliwa, na mtoto aingizwe kwenye bima kama mna bima.

## Hatua ya 5: Zamu za usiku

Baba hana maziwa, hilo linajulikana. Lakini usiku kunyonyesha ni sehemu tu ya kazi. Kuna kuamka, kubadili nepi, kumpigapiga mgongoni mpaka abeue, na kumbembeleza alale tena, na hii ya mwisho inaweza kula saa nzima.

Mfano wa zamu zinazofanya kazi:

1. Saa tatu usiku mama ananyonyesha, kisha analala. Mtoto anabaki mikononi mwa baba.
2. Akiamka kama saa sita, baba anambadilisha na kumpeleka kwa mama. Mama ananyonyesha, baba anampokea, anambeulisha na kumlaza. Hapo mama amekatizwa nusu saa tu.
3. Kuanzia saa nane mama anashika zamu yote, baba analala hadi alfajiri.
4. Saa kumi na mbili asubuhi baba anamchukua mtoto tena kabla ya kujiandaa kwenda kazini, na mama anapata usingizi wa pili.

Lengo ni kila mmoja apate saa nne au zaidi za usingizi katika usiku mmoja, hata kama si mfululizo mwanzoni. Anayeendesha gari au bodaboda hapaswi kukesha usiku kucha kisha akaingia barabarani, kwa hiyo zamu yake iwe ya mwanzo wa usiku.

Mtoto alazwe chali, mahali tambarare, chini ya chandarua, bila mito wala blanketi zito usoni. Salama zaidi ni akilala pake, chumba kimoja na wazazi. Asilale kamwe kwenye sofa na mtu aliyesinzia, wala kitandani na mtu aliyekunywa pombe au anayevuta sigara.

Baba anayefanya kazi mbali, labda machimboni au kwenye lori, naye ana zamu. Apige simu saa ile ile kila siku na kuuliza takwimu za daftari, ashike kalenda ya kliniki, na alipie mtu wa kumpokea mama saa chache za mchana. Fedha iliyotumwa bila swali hata moja kuhusu mtoto hailei.

## Hatua ya 6: Mtoto akilia bila kunyamaza

Kilio huongezeka wiki za mwanzo, hufika kilele karibu na wiki ya sita hadi ya nane, kisha hupungua. Jioni ndiyo mbaya zaidi. Fuateni mpangilio huu bila kulaumiana:

1. Mnyonyesheni, hata kama amenyonya karibuni.
2. Angalieni nepi, na kama amevikwa nguo nyingi mno.
3. Mbeulisheni.
4. Mbebeni kifuani au mgongoni, tembeeni naye.
5. Pimeni joto.

Kama yote yako sawa na bado analia, badilishaneni kila baada ya dakika ishirini hivi. Anayempokea mwenzake asiulize "umemfanya nini?"

Onyo kubwa: msimtikise mtoto, hata sekunde chache. Kutikiswa kunaweza kupasua mishipa ya damu ndani ya kichwa chake na kumwachia ulemavu au kifo. Ukihisi hasira inapanda na uko peke yako, mlaze chali mahali salama, toka nje, vuta pumzi dakika chache, kisha rudi. Mtoto akilia pake dakika hizo chache akiwa amelazwa salama, hadhuriki.

## Hatua ya 7: Kubalianeni mapema lini mnakwenda hospitali bila mjadala

Andikeni dalili hizi ukurasa wa mwisho wa daftari. Ikionekana moja tu, yeyote aliyeiona ana haki ya kupiga simu kwa dereva. Hakuna kusubiri ruhusa ya mume aliye kazini, wala ushauri wa jirani.

Kwa mtoto: hanyonyi au amelegea, degedege, anapumua mara 60 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, kifua kinabonyea ndani anapovuta pumzi, joto la 37.5 au zaidi, mwili wa baridi usiopata joto, kitovu chekundu chenye usaha, umanjano ndani ya saa 24 za kwanza au uliofika viganjani na nyayoni.

Kwa mama: damu inayolowesha pedi nzima ndani ya saa moja, maumivu makali ya kichwa au kuona ukungu, degedege, homa, uchafu wenye harufu mbaya, uvimbe na maumivu ya mguu mmoja, kifua kubana.

Nyumba nyingi humwangalia mtoto tu. Mama amejifungua juzi, na damu yake ikitoka sana hana muda wa kungoja kuche.

## Hatua ya 8: Moyo wa mama, unyumba, na maneno ya kubemenda

Mama kulia lia na kuudhika siku ya tatu au ya nne ni jambo la kawaida na huisha. Likivuka wiki mbili, au akisema hamtaki mtoto, hali chakula, hawezi kulala hata mtoto akiwa amelala, apelekwe kwa mhudumu wa afya. Akizungumzia kujidhuru au kumdhuru mtoto, ni siku hiyo hiyo, na asiachwe peke yake. Huu ni ugonjwa na unatibika. Si majini wala uvivu. Baba pia hupata sonona baada ya mtoto kuzaliwa. Kwake mara nyingi hujificha kwenye hasira, pombe au kuchelewa kurudi nyumbani.

Kuhusu unyumba, subirini mpaka mama awe amepona na yuko tayari mwenyewe. Wengi husubiri hudhurio la siku ya 42. Siku hiyo nendeni wote wawili mkaulize uzazi wa mpango, kwa sababu mama anaweza kushika mimba kabla hajaona hedhi. Kunyonyesha humkinga tu kama mambo matatu yako pamoja: mtoto ananyonya bila kupewa kitu kingine, usiku na mchana; hedhi haijarudi; na mtoto hajafikisha miezi sita.

Na hili nalisema waziwazi kwa sababu limevunja ndoa nyingi. Mtoto akikonda, watu husema amebemendwa, kwamba wazazi wamekutana kimwili au mmoja ametoka nje. Tendo la ndoa haliharibu maziwa wala halimkondeshi mtoto. Anakonda kwa sababu hanyonyi vya kutosha, anaharisha, ana maambukizi au ugonjwa mwingine unaohitaji kuchunguzwa. Kila siku inayotumika kutafuta nani mwenye hatia ni siku mtoto amecheleweshwa kupimwa uzito na kutibiwa. Kadi ya kliniki ina mstari wa ukuaji: ukilala au kushuka, nendeni wote wawili.

## Hatua ya 9: Kikao cha nusu saa kila wiki

Chagueni siku, mfano Jumapili mtoto akilala mchana. Simu pembeni, daftari katikati. Maswali ni manne: Nini kimetuchosha zaidi? Kazi gani ihame jina? Fedha ya wiki iko wapi? Kliniki ni lini?

Tarehe za kliniki ziandikwe zote mapema. Mama na mtoto huangaliwa ndani ya saa 48, siku ya 7, ya 28 na ya 42. Chanjo huanza mara anapozaliwa, kisha wiki ya 6, ya 10 na ya 14, halafu surua na rubela miezi 9 na miezi 18.

Kikao kisigeuke mahakama. Malalamiko ya zamani, ya mahari au ya shemeji, yana siku yake.

## Hatua ya 10: Mama anaporudi kazini

Anzeni wiki mbili au tatu kabla. Mama akamue maziwa mara moja kwa siku, na baba au dada wa kazi amnyweshe mtoto kwa kikombe, mama akiwa chumba kingine. Kikombe ni rahisi kuosha kuliko chupa, na uchafu wa chupa ndio unaoleta kuharisha.

Maziwa yaliyokamuliwa hukaa kwa muda usiozidi saa nne nje ya friji, na penye joto kali yatumike mapema zaidi. Kwenye friji hukaa hadi siku nne. Yapashwe kwa kuweka chombo ndani ya maji ya moto, yasichemshwe jikoni. Yaliyobaki kikombeni baada ya mtoto kunywa yamwagwe.

Kazini, sheria inamruhusu mama anayenyonyesha hadi saa mbili kwa siku za kwenda kumnyonyesha mtoto ndani ya muda wa kazi. Aombe kwa barua kabla hajarudi, akitaja saa anazozitaka. Kwa foleni za mjini, wengi hukubaliana na mwajiri waingie saa moja baadaye na kutoka saa moja mapema.

Fanyeni siku mbili za majaribio: mama aondoke asubuhi kama anakwenda kazini kweli, baba awepo karibu. Hapo ndipo mtagundua kwamba dada hajui kusoma kipimajoto, au hana salio la kupiga simu.

Amueni pia simu ya dada inakwenda kwa nani kwanza. Mkiacha bila kuamua, zote zitakwenda kwa mama. Gawaneni kwa siku, baba akishika Jumatatu, Jumatano na Ijumaa.

Wiki hizo mtoto anaweza kuanza kunyonya sana usiku, akifidia mchana wake bila mama. Ni kawaida na husaidia maziwa yasipungue. Zamu za saa nane usiku zipangwe upya, na baba aichukue asubuhi yote: kumwogesha, kumvalisha na kumkabidhi kwa dada, ili mama atoke nyumbani akiwa amepata walau kikombe cha chai.